Makala, koki na matanuru ya bankambo: chuma kilipikwa kwa moto gani?

Mtu wa Dar es Salaam akisikia neno "makala" atafikiri juu ya maandishi ya gazeti. Sisi huku Katanga tukisema makala, kila mama wa nyumba anajua ni nini: ni ile kitu nyeusi inayofika mjini ndani ya mifuko juu ya baisikeli, na kila jioni inawashwa ndani ya mbabula. Watanzania wanaiita makaa. Basi haya ni makala juu ya makala. Tunaomba yasichukuliwe kama mchezo wa maneno, maana ndani ya neno hili dogo kuna sehemu ya historia yetu ambayo vitabu vya shule vinaipita mbio.

Vitabu vingi tulivyosomea, na ambavyo wengi wetu bado tunafundishia, vinasema mambo mawili juu ya chuma. Kwanza, kwamba bankambo walijua kuyeyusha chuma kwa njia zao za zamani. Pili, kwamba Ulaya iligundua tanuru refu, lile tulilolijua darasani kwa jina la haut fourneau, na kutoka hapo viwanda vikaanza. Kati ya sentensi hizo mbili mwanafunzi anaachwa amalize mwenyewe, na anamaliza vibaya: huyu alikuwa na akili, yule hakuwa nayo. Karibu kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono na kuuliza: kama wazee walijua chuma, kwa nini hawakujenga kiwanda?

Swali ni zuri, lakini linatazama mahali pasipofaa. Linatazama tanuru, na tanuru ni nyumba tu. Kinachoamua urefu wa nyumba hiyo, namna ya chuma kitakachotoka ndani yake, na hata nani atakayekuwa bwana wake, ni kitu kinachowaka humo. Tutazame moto kwanza.

Kazi mbili za makala

Jikoni makala yanafanya kazi moja, kutoa joto. Ndani ya tanuru la chuma yanafanya kazi mbili. Madini ya chuma, yale mawe mekundu au meusi, ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Ukiyapasha moto peke yake, hata moto mkali namna gani, utapata mawe ya moto, basi. Lazima pawe na kitu cha kuinyang'anya chuma ile oksijeni. Makala yakiungua mahali penye hewa kidogo yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya karboni. Tunaijua vizuri gesi hiyo: ndiyo inayoua watu waliolala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Ndani ya tanuru inapita katikati ya mawe, inachukua oksijeni na kuondoka nayo, na chuma kinabaki. Kwa hiyo makala ni kuni na ni dawa kwa wakati mmoja. Anayetaka kubadili makala aweke kitu kingine lazima apate kitu chenye kufanya kazi zote mbili bila kuharibu chuma, na tutaona kwamba jambo hilo liliwashinda watu wengi wenye mali na elimu.

Katika matanuru ya wazee wetu joto lilifika digrii 1200 hivi. Chuma safi kinayeyuka kwenye digrii 1538. Maana yake, chuma cha bankambo hakikuwa maji. Kilichoyeyuka ni uchafu wa mawe, ambao ulitiririka chini ukaganda, nao ndio mavi ya chuma yanayookotwa mpaka leo mashambani. Chuma chenyewe kilibaki kama kibonge chenye matundu matundu. Kilitolewa kikiwa chekundu, kikapigwa na kupigwa mpaka mavi yaliyojificha ndani yatoke.

Wengine wanaona huo ni upungufu. Sisi hatuoni hivyo. Kibonge kile kilikuwa na karboni kidogo, kwa hiyo mhunzi alikifua moja kwa moja kuwa jembe, shoka au mkuki. Chuma cha tanuru refu la Ulaya kinatoka kama uji, ni kweli, na kinaweza kumiminwa katika kalibu. Lakini kimekunywa karboni nyingi, asilimia 4 hivi, na ukikipiga nyundo kinavunjika kama chungu. Ili kifae jembe lazima kipikwe tena mara ya pili. Kila njia ina faida yake na gharama yake.

Tena si kila mti ulifaa. Makala ya mti mwepesi yanapondeka chini ya uzito wa mawe na kuwa vumbi, na vumbi linaziba njia ya upepo. Walitafuta miti migumu ya pori letu la miombo, kama vile mubanga, ambao makala yake ni mazito na yanakaa na moto muda mrefu. Kazi ya mwenye tanuru ilianzia basi msituni, wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia na majani yakiwa yamekauka: kukata, kupanga magogo, kuyafunika kwa majani na udongo, kuwasha, kulinda siku nyingi ili moto usipasue kifuniko. Atakayetaka kujua jasho hilo aende leo kwenye barabara ya Kasenga au ya Kipushi awaulize wachoma makala. Kilo 100 za kuni mara nyingi hazitoi hata kilo 20 za makala. Ni baada ya hapo ndipo unafikia udongo wa kichuguu wa kujengea tanuru, midomo ya udongo ya kupitishia upepo, na vijana wa kuvuta mivukuto ya ngozi kwa zamu bila kupumzika.

Miiko tunaijua: wayeyushaji walikaa mbali na kijiji, hawakulala na wake zao, na tanuru lenyewe lilitendewa kama mwanamke anayekaribia kuzaa. Kwa Wachokwe lilipewa hata maziwa ya udongo kifuani. Wamoja wanacheka mambo hayo. Tunaona kwamba kazi ambayo kosa dogo la upepo au la makala linaharibu jasho la miezi ilihitaji nidhamu ya namna hiyo, na wazee hawakuwa na saa wala kipimajoto. Walikuwa na wimbo, rangi ya moto na mwiko.

Na haikuwa kazi ya jana. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, ambayo Jacques Nenquin na Jean Hiernaux waliyachimbua miaka ya 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya 1970, zimetoka silaha na vyombo vya chuma vyenye umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Masimulizi ya Waluba juu ya Mbidi Kiluwe na mwanawe Kalala Ilunga yanauweka ufalme na ufundi wa chuma pamoja. Mfalme na mhunzi walikuwa karibu kuliko mfalme na mwalimu wa leo, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Je, bankambo walijaribu moto mwingine badala ya makala ya miti? Ndiyo, na mfano bora uko upande wa pili wa maziwa yetu, kwa Wahaya wa Bukoba. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma tena kama walivyofanya ujanani, na mwaka 1978 wakaandika matokeo katika jarida la Science. Wazee wale walijaza shimo la chini ya tanuru kwa matete ya bwawani yaliyochomwa kwanza yakawa meusi. Juu yake ndipo wakaweka makala ya miti na madini. Mavi yaliyoyeyuka yalishuka katika kitanda hicho cha matete na kukutana na karboni nyingine mpya. Waandishi wale walisema pia kwamba midomo ya udongo iliyoingizwa ndani sana ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makala. Wataalamu wengine walibisha, na ubishi umedumu. Juu ya matete hakuna ubishi. Watu walitazama kilichokuwa karibu nao, wakakipima, wakakitumia.

Wazungu nao walichoma miti

Sasa twende Ulaya, maana jambo ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi ni hili: Wazungu nao walipika chuma kwa makala ya miti, karne kwa karne. Tanuru refu lilikuwapo Uingereza tangu mwisho wa karne ya 15, nalo lilikula makala ya miti, kwa njaa kubwa kuliko tanuru letu. Mwaka 1558, chini ya malkia Elizabeth, ilitolewa sheria ya kukataza kukata miti mikubwa kwa ajili ya kuyeyusha chuma karibu na bahari na mito ya meli, ingawa sehemu fulani za wenye matanuru zilisamehewa. Sheria nyingine zikafuata mwaka 1581 na 1585. Si kwamba msitu wote uliisha. Wenye matanuru wengi walikuwa na vichaka vyao walivyokata kwa zamu ili vichipue. Lakini makala hayasafiri mbali, yanavunjika njiani, na tanuru moja likishakula pori lake halina budi kungoja.

Chini ya miguu yao kulikuwa na makala ya mawe tele. Kwa nini hawakuyatia ndani ya tanuru, ile tu? Walijaribu! Mwaka 1622 ilitolewa hati ya kifalme kwa jamaa ya Dudley juu ya kuyeyusha chuma kwa makala ya mawe. Dud Dudley aliandika kitabu mwaka 1665, Metallum Martis, akisema alifaulu na akaharibiwa na wapinzani. Kama alifaulu kweli, njia yake alikwenda nayo kaburini. Adui alikuwa ndani ya jiwe: salfa, ile inayonuka kiberiti kinapowashwa. Katika makala ya miti haimo, au ni kidogo sana. Katika makala ya mawe imo, nayo ikiingia katika chuma, chuma kinapasuka kinapofuliwa kikiwa chekundu. Tena mengi ya makala ya mawe yanavimba na kushikamana yakipata moto, yakaziba tanuru.

Dawa haikutoka kwa wahunzi, ilitoka kwa wapika pombe. Wao walihitaji kukausha kimea bila moshi kukiharibu ladha, wakajua kuchoma makala ya mawe bila hewa mpaka moshi, lami na sehemu ya salfa vitoke. Kinachobaki ni koki: nyepesi, ya kijivu, ngumu, yenye matundu. Kwa maneno mengine, walilifanyia jiwe kile ambacho mchoma makala wetu anaufanyia mti. Abraham Darby, ambaye ujanani alijifunza kazi kwa mtengeneza vinu vya kimea huko Birmingham, alikodi tanuru la zamani la Coalbrookdale mwaka 1708, na mwaka 1709 akaliwasha kwa koki. Alikuwa na bahati pia, maana makala ya mawe ya mahali pale yalikuwa na salfa kidogo. Kama angezaliwa mahali pengine, labda jina lake lisingeandikwa popote.

Lakini msomaji asidhani kwamba siku ile Uingereza iliacha makala ya miti. Chuma cha Darby kilifaa masufuria ya kumiminwa, kufulia hakikufaa. Ilipita karibu miaka 50 mpaka mwanawe, Abraham Darby wa pili, apate chuma cha koki kilichokubaliwa na wenye kufua. Na tanuru la Backbarrow, kaskazini ya Uingereza, liliendelea kula makala ya miti mpaka miaka ya 1920. Miaka ya 1920! Wakati huo mji wetu wa Lubumbashi ulikuwa umeisha kuzaliwa.

Wala Waingereza hawakuwa wa kwanza. Katika China ya kaskazini, wakati wa wafalme wa Song, karne ya 11, mapori yalikuwa yamepungua na wayeyushaji wakageukia makala ya mawe na koki, zaidi ya miaka 600 kabla ya Darby. Kwa hiyo yule mwanafunzi anayeuliza kwa nini bankambo hawakujenga kiwanda angeweza kuuliza pia kwa nini Darby alichelewa hivyo nyuma ya Mchina. Hakuna anayeuliza.

Faida kubwa ya koki haikuwa joto tu, ilikuwa nguvu ya kubeba. Makala ya miti yakirundikwa juu sana yanasagika. Koki inabeba uzito wa madini mengi, kwa hiyo tanuru linaweza kupanda juu, na tanuru likipanda linahitaji upepo mkubwa, na upepo mkubwa unahitaji mashine ya mvuke badala ya gurudumu la mto. Moja linavuta lingine. Ndiyo maana tunasema moto ndio uliojenga kiwanda.

Mahali ambapo makala ya mawe hayakuwa mema kwa koki, watu walitafuta njia nyingine. Huko Scotland James Neilson alipata mwaka 1828 hati ya kupasha hewa moto kabla ya kuipuliza. Kwenye kiwanda cha Clyde, kilichohitaji tani 8 hivi za makala ya mawe kwa tani moja ya chuma, baada ya miaka michache walitumia tani 2 na robo, tena bila kuyageuza koki kwanza. Mwaka 1837, huko Ynyscedwyn katika Wales, George Crane alitumia hewa hiyo ya moto kuwasha antrasiti, makala ya mawe magumu sana ambayo mpaka hapo yalikataa tanuru. Fundi wake David Thomas aliitwa Marekani, na mwezi wa 7 mwaka 1840 akatoa chuma cha antrasiti huko Catasauqua, Pennsylvania. Kila nchi ililazimika kutafuta dawa ya makala yake yenyewe. Ubelgiji ilipata bahati: bonde la Liège lina makala ya mawe mema, na katika miaka ya 1820 John Cockerill alisimamisha tanuru refu la koki huko Seraing.

Jembe lililokuja kwa meli

Kutoka hapo tunaweza kurudi nyumbani, maana chuma cha koki ndicho kilichotufikia. Hakikuja kama elimu, kilikuja kama jembe, kisu na waya, vilivyo rahisi kuliko vya mhunzi wetu. Mzee aliyeyeyusha kwa miezi, akakata miti na kulipa chakula cha wavuta mivukuto, hangeweza kushindana na jembe la duka. Wahunzi hawakufa mara moja. Waliendelea kufua vyuma vya Wazungu vilivyozeeka. Kilichokufa kwanza ni kuyeyusha.

Na bei siyo yote. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni iliweka kodi ya fedha, na mwaka huo huo ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga ili kukusanya vijana kwa ajili ya migodi. Ni vijana walewale ambao wangevuta mivukuto. Kuyeyusha ilikuwa kazi ya kiangazi ya kijiji kizima. Ondoa wanaume kwa miezi sita, na tanuru linabaki kichuguu kama vingine. Upande wa mukuba mambo yalikwenda vilevile: wakati Monseigneur de Hemptinne alipoandika mwaka 1926 juu ya wale aliowaita wala mukuba wa Katanga, alikuwa anaandika juu ya kazi iliyokwisha kusimama, ambayo wazee waliikumbuka kwa mikono yao.

Sasa tazameni upande wa wageni, maana hapa ndipo hadithi inapopendeza. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwezi wa 9 mwaka 1910. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa mukuba wa kwanza. Ni mukuba, siyo chuma, lakini swali la moto lilikuwa lilelile: madini yalikuwa yamejaa hapa, moto haukuwepo. Makala ya miti kwa matanuru makubwa kama yale yangemaliza pori mbele ya macho. Makala ya mawe tulikuwa nayo, huko Luena upande wa Bukama, na huko Lukuga karibu na Kalemie. Lakini ya Luena yana majivu mengi na hayashikamani kuwa koki. Yalifaa garimoshi na matanuru ya simenti. Basi koki na makala ya mawe ya kuyeyushia vilitoka Wankie, katika Rhodesia ya Waingereza, ambayo leo ni Hwange ya Zimbabwe.

Fikirini maana yake. Kampuni yenye nguvu kuliko zote za Kongo, iliyokuwa na mashimo yenye mukuba ambao Jules Cornet aliwaeleza Wabelgiji habari zake tangu mwaka 1892, ilikaa miaka mingi ikingoja gari la makala kutoka kwa jirani. Reli ile ikisumbuliwa, Lubumbashi inakohoa. Sababu mojawapo ya kujenga mabwawa ya umeme, kama lile la Mwadingusha lililoanza mwaka 1930, ilikuwa kupunguza utumwa huo. Mzee wa kijiji mwenye mubanga wake na mivukuto yake hakungoja gari la mtu.

Hatusemi kwamba angeweza kutoa maelfu ya tani. Hangeweza, na asingetaka. Lakini ile sentensi ya kitabu, ya mwenye akili na asiye nayo, haisimami tena. Mmoja alikuwa na moto wake karibu, wa kadiri ya kazi yake. Mwingine alikuwa na kazi kubwa kuliko moto wake.

Baada ya Uhuru tulipewa somo hilohilo kwa namna nyingine. Mwaka 1975 kilifunguliwa kiwanda cha chuma cha Maluku, karibu na Kinshasa. Safari hii moto haukuwa makala wala koki, ulikuwa umeme wa Inga, na kiwanda kiliwekewa uwezo wa tani 250 000 kwa mwaka. Moto ulipatikana, tena mzuri. Kilichokosekana ni kile ambacho moto peke yake hauwezi, yaani ile kazi ya pili ya makala. Tanuru la umeme la namna ile halinyang'anyi oksijeni. Linayeyusha chuma ambacho kimekwisha kuwa chuma. Basi walileta vyuma vikuukuu kutoka ng'ambo, na madini ya chuma ya Kongo yakabaki ardhini. Kiwanda hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1986 kikasimama. Mhunzi wa Kiluba angeonyeshwa michoro yake, angeuliza swali moja tu: makala yako wapi?

Kuna wenzetu waliolijibu swali hilo kwa njia ambayo ingewashangaza waandishi wa vitabu vyetu. Brazili ina madini ya chuma mengi mno na makala ya mawe haba. Mwaka 1921 mtaji wa Ubelgiji na Luxembourg uliunda huko kampuni ya Belgo-Mineira, na kiwanda chake cha Monlevade, kilichoanza kazi miaka ya 1930, kilikuwa na matanuru marefu yaliyokula makala ya miti. Naam, mtaji wa Wabelgiji walewale, karne ya 20, makala ya miti! Walipanda mikaratusi kwa ajili hiyo, miti inayokua haraka, na mpaka leo Brazili inatoa sehemu ya chuma chake kwa makala ya mikaratusi. Matanuru ni mafupi kuliko ya koki kwa sababu ile tuliyoitaja, ya makala kusagika, lakini chuma chake ni kisafi, hakina salfa ya kuhangaikia. Huko Carajás, upande wa Amazoni, matanuru mengine yalikula pia msitu wa asili usiopandwa na mtu, na uharibifu wake umeandikwa sana. Makala ni yaleyale. Tofauti ni nani aliyepanda.

Siku hizi wenye matanuru ya koki nao wanatafuta kuitoroka, kwa ajili ya gesi zinazochafua anga. Huko Luleå, Sweden, mwaka 2021 walitoa chuma kilichonyang'anywa oksijeni kwa hidrojeni badala ya karboni, na kinachotoka kwenye tanuru lao hakiwi maji: ni kibonge chenye matundu matundu. Tulipowaonyesha wanafunzi wa mwaka wa tano picha yake pamoja na kipande cha kibonge cha zamani kilichookotwa katika shamba la mihogo, hawakuamini kwamba miaka mingi hivyo iko katikati ya vitu hivyo viwili.

Mavi ya chuma ya shamba lile tumeyaweka katika sanduku moja chini ya meza ya maabara yetu, yapata vipande thelathini. Katika vingine mnaona alama ya makala yaliyobanwa humo kabla mavi hayajaganda, mistari ya mti ikionekana wazi, na katika viwili makala yenyewe yamo bado. Wataalamu wenye darubini wanaweza kusoma mistari hiyo na kutaja aina ya mti. Maabara yetu haina darubini ya namna hiyo. Mzee mmoja wa hapo kijijini alivitazama vile viwili, akavikwaruza kwa ukucha, akasema ni mubanga. Mwenzake akakataa. Wakaendelea kubishana mpaka giza likaingia, nasi tukaandika majibu yote mawili kwenye karatasi, tukaiweka ndani ya sanduku.